Baraza la Akili Zilizoporwa

Kama leo asubuhi umemwonea mtu kijicho, sogea karibu, hadithi hii ni yako. Kama hujamwonea mtu, sogea karibu zaidi, maana wewe ndiye unayejidanganya. Kijicho kiko kila mahali, lakini ni nchi moja tu iliyokipa ofisi, muhuri na siku ya kusikilizwa, nayo ni nchi ya Ukomo. Msichana mmoja aliyeitwa Sikudhani binti Makame alifika huko na mwenzake Yusta Komba. Walifikaje, usiniulize, njia ya kwenda Ukomo ni fupi, na kila mtu anayo nyumbani kwake.

Walikuwa wanafunzi wa mwaka wa tatu, wanasomea mambo ya maji, wakapelekwa muhula mmoja Chuo Kikuu cha Ukomo kufanya kazi ya kikundi na wenyeji. Sikudhani ni mtoto wa Tanga mjini, kazaliwa kakuta kompyuta mezani kwa baba yake. Yusta katoka vijijini huko Songea, na alipoingia chuo hakujua hata kuambatisha faili kwenye barua pepe. Aliyemfundisha ni nani? Ni Sikudhani. Alimwonyesha jinsi ya kumwandikia mhadhiri bila kuanza na "mambo vipi", jinsi ya kuipa rasimu jina ambalo mwenzako atalielewa, jinsi ya kukaa kwenye kikao cha mtandaoni bila kuacha kipaza sauti wazi huku majogoo wanawika. Siku hizo Sikudhani alikuwa mwema sana. Ni rahisi kumtendea wema mtu aliye chini yako.

Mwaka wa pili mambo yakageuka. Yusta akawa haachi kuuliza. Kila kundi la darasa yumo, "Jamani, hapa sijaelewa." Anatuma kazi nusu, haina kichwa wala miguu, anaomba wenzake waikosoe. Wanaikosoa, anashukuru, anarekebisha, anaituma tena. Sikudhani alikuwa akiona aibu kwa niaba yake. Halafu matokeo yakatoka, na vikundi vikaanza kumgombania Yusta. Mwalimu akamsifu mbele ya darasa zima, na Sikudhani akapiga makofi pamoja na wengine, viganja vinalia na roho inauma. "Mimi ndiye niliyemfundisha," alikuwa akijisemea, hata akiwa anapiga mswaki. Neno hilo lilimkwama kooni kama mwiba wa samaki.

Ndiyo hali aliyoingia nayo Ukomo.

Watu wa Ukomo ni wastaarabu, wasafi, wanazungumza taratibu, na jambo la kwanza wanalomweleza mgeni ni kwamba akili ya nchi yao ni moja na haiongezeki. Wazee wa mwanzo walikuta tangi limejaa, wakagawana, na tangu hapo halijaingia hata tone. Kwa hiyo mtu akizidi, lazima yupo aliyepungukiwa. Hilo halibishaniwi. Kila mwanafunzi hupewa kibao cha kioo, mfano wa simu kubwa, ndicho cha kusomea na cha kuwasiliana, na pembeni mwa kibao kuna mstari wa buluu unaoonyesha ujazo wake wa akili. Ujazo wa kila mtu huonekana na kila mtu. Watu hawaulizani hali pale; macho yanakwenda kwanza kwenye mstari, ndipo mdomo uamue utasalimia kwa adabu ya kiasi gani.

Anayeipanga mistari hiyo ni Mpimaji Mkuu, Bwana Kadiri, mzee nadhifu, kanzu yake imenyooka na sauti yake haipandi. Mgeni akifika humwekea kiganja kichwani, hufumba macho, kisha hutaja ujazo. Mwanafunzi akifanya vizuri, Bwana Kadiri humpandishia mstari kwa ncha ya kidole, halafu hutafuta wa kumshushia. Hana chuki na mtu. Yeye anachotaka ni hesabu zikae sawa, na zimekaa sawa tangu enzi za babu yake.

Sikudhani alipimwa akapewa mstari mrefu. Yusta akapewa wa wastani. Usiku ule Sikudhani alilala vizuri kuliko alivyokuwa amelala mwaka mzima.

Mwenyeji wao, ambaye pia ndiye mwenzao wa tatu katika kikundi, alikuwa binti mmoja mpole anaitwa Stara. Asubuhi moja walimkuta amekaa jamvini, amejitanda kanga mpaka usoni, majirani wamemzunguka na sufuria ya wali iko mekoni. Wakajua kafiwa. Sikudhani akaketi, akatoa pole, akauliza kwa sauti ya chini marehemu ni nani. Hakukuwa na marehemu. Msichana wa chumba cha pili alikuwa ametoa hoja nzuri sana darasani. Ndiyo desturi yao: mtu akifaulu, wenzake hukaliwa tanga. Ndugu huja, hulia kidogo, humpa mfiwa moyo kwamba Mungu atamjalia, na yeye siku moja atampokonya mtu. Aliyefaulu naye hupita kutoa mkono wa pole, macho chini, kama dereva aliyegonga ng'ombe wa watu.

Yusta alishindwa kujizuia, akatoka nje kwenda kucheka. Sikudhani hakucheka. Alibaki pale jamvini akala wali wa tanga, na kwa mara ya kwanza akahisi kwamba kile kinachomla moyo si uchafu wa kufichwa. Kumbe kuna watu wanaokipikia wali.

Sheria zao za mawasiliano nazo zilikuwa za aina yake. Kazi mbichi haionyeshwi. Rasimu kwao ni kama utupu wa mtu; unaishughulikia mlango umefungwa, na ukitoka nayo iwe imevaa kamili. Kuuliza swali kwenye kibao ni kukiri mbele ya nchi nzima kuwa umepungukiwa, na mstari hushushwa siku hiyohiyo. Kwetu tunasema asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Kwao msemo huo ukiutamka mbele ya watoto, wazazi huwaziba masikio. Kwa sababu hiyo kila ujumbe, uwe umeeleweka au haukueleweka, hujibiwa kwa neno moja, "Imepokelewa." Makundi yao ya kazi yamejaa neno hilo kutoka juu hadi chini. Inasemekana mkuu wa chuo aliwahi kutangaza mkutano kwenye ukumbi ambao haujajengwa. Chuo kizima kikajibu Imepokelewa, siku ikafika, kila mtu akashinda chumbani kwake, na jioni wakaandikiana kupongezana kwa mkutano mzuri.

Stara aliwatembeza wakaone fahari ya chuo, daraja lililojengwa na wanafunzi. Kikundi kimoja kilijenga kutoka ng'ambo hii na kingine kutoka ng'ambo ile, kila kimoja kimefunika kazi yake kwa turubai. Siku ya kufunua, nusu ya huku ilikuwa juu kuliko nusu ya kule kwa kimo cha mtu mzima. Hadhira ilipiga makofi. Katikati ikasimamishwa ngazi, na ndiyo wanayopandia na kushukia mpaka leo, akina mama na ndoo zao, wagonjwa na machela zao. Yusta akauliza kwa nini lisirekebishwe. Stara alitazama huku na huku kwanza, kisha akamnong'oneza kwamba ukirekebisha kitu umesema kilikosewa.

Bunge lao pia walilihudhuria. Siku hiyo palikuwa na shauri la mzee mmoja ambaye miguu yake ilikataa kutembea wiki ileile mtoto wa jirani alipoanza kutembea. Ushahidi ulikuwa wazi. Wabunge walijadili kwa utulivu na kwa hoja za kisomi, wengine wakitaka mtoto ashitakiwe kwa wizi, wengine wakisema umri wake unamwombea huruma. Mwisho wakaamua mtoto atembee siku moja na kutambaa siku moja. Yusta alipouliza kama mzee amepata nafuu, karani alimjibu kwamba nafuu hajapata, ila ameridhika.

Sasa kazi yenyewe waliyopewa. Chini ya kilima cha chuo kuna mtaa unaitwa Bondeni, na mto wao ukijaa huingia majumbani. Kikundi kilitakiwa kiandae ujumbe wa kuwaonya watu wa Bondeni kupitia vibao vyao, siku mto utakapoanza kupanda. Siku ya kuwasilisha, mwenye ujazo mkubwa ndiye atakayesimama mbele ya nchi, na kazi itaitwa kwa jina lake, huku Ukomo na nyumbani pia. Sikudhani alikuwa ameshaliona jina lake limeandikwa. Akajifungia akaanza kutunga.

Yusta hakujifungia. Aliwaandikia watu wa Bondeni moja kwa moja: yeye ni mgeni, je, wakisoma neno "tahadhari" watafanya nini? Wakajibu, Imepokelewa. Akaandika tena kwamba huenda ameandika vibaya, anaomba wamsahihishe. Hapo pakawa kimya, maana Ukomo hakuna aliyewahi kuombwa hivyo. Kisha mama mmoja akamjibu kwa siri. Akafuata mwingine. Haukupita muda Bondeni nzima ilikuwa inamsahihisha Yusta, wanamcheka, wanamwambia neno hili sisi hatulitumii, neno lile linatutisha bure. Bwana Kadiri alikuwa akimshushia mstari asubuhi kwa kuuliza, na jioni analazimika kumpandishia kwa sababu kazi imekuwa nzuri. Mkono ulimchoka mzee wa watu. Mwishowe mstari wa Yusta ukapanda, ukapanda, mpaka ukalingana na ule wa Sikudhani.

Na hesabu lazima zikae sawa. Bwana Kadiri akatafuta wa kumshushia, akamwona aliye karibu.

Sikudhani alikuwa ameshika kibao mkononi mstari wake uliposhuka. Aliuona kwa macho yake, wa mwenzake unakwenda juu na wake unakwenda chini, wakati uleule. Tangu mwaka wa pili alikuwa akijiambia labda ni roho mbaya tu, labda ni shetani, labda aswali zaidi. Kumbe siyo! Kumbe ni kweli Yusta anazidi kwa kile anachomchomoa yeye. Alilia kwa uchungu, na ndani ya uchungu kulikuwa na raha, kama mtu aliyeambiwa na daktari kwamba ugonjwa wake si wa kujifanya.

Jioni akakaliwa tanga. Jamvi lilijaa. Mama mmoja mnene, mtaalamu wa matanga, alipopata habari kwamba aliyezidi alifundishwa na aliyezidiwa, aliacha kulia akakaa wima. "Mwanangu, hili si la kulia," alisema. "Hili ni la baraza."

Baraza la Akili Zilizoporwa hukaa ukumbi mkubwa, mchana kweupe, na halina uhaba wa kesi. Mwenyekiti ni Bwana Kadiri mwenyewe. Kabla ya Sikudhani palisikilizwa ndugu wawili waliokuwa wakigombania ucheshi wa marehemu baba yao. Kisha akaitwa yeye. Alivaa gauni lake la heshima, akaeleza kwa mpangilio: alimpokea huyu hajui kitu, alimfundisha, kabla ya kumfundisha yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza, na baada ya kumfundisha yeye ni wa pili. Ukumbi uliguna kwa huruma. Hakuna aliyewahi kumsikiliza Sikudhani hivyo.

Bwana Kadiri akamgeukia Yusta, akamuuliza kama ni kweli alifundishwa na mdai.

"Ni kweli, mzee," alisema Yusta. "Vyote nilivyoanza navyo alinipa yeye."

Akaulizwa kama yuko tayari kurudisha.

"Nirudishe vipi? Alivyonipa bado anavyo."

Minong'ono ilienea, na Bwana Kadiri akamwonya kwa upole achunge maneno yake, ukumbini kuna watoto. Hukumu haikuchukua muda. Yusta akaushwe. Mstari wake ushushwe mpaka chini kabisa na ujazo wote amiminiwe mdai. Kibao chake kiweze kusoma, kisiweze kuandika. Asizungumzie kazi ya kikundi ila kama mtu atamuuliza waziwazi kwenye kibao, na kila atakayemuuliza mkavu atakuwa amejiweka chini ya mkavu, naye atakaushwa. Hilo la mwisho lilikuwa la kutimiza sheria tu, maana tangu nchi iwe nchi hakuna aliyewahi kumuuliza mkavu kitu.

Yusta alimtazama Sikudhani. Sikudhani alikuwa anatazama kibao chake, mstari wa buluu unapanda mpaka juu kabisa.

Nisikudanganye, alifurahi. Alifurahi ile furaha ya kulamba vidole. Watu walimpisha njiani. Lakini kijicho ni mgeni asiyeaga. Kila siku Bondeni walikuwa wakiandika kwenye kundi, "Yuko wapi yule mgeni wetu?" Mmoja akasema mtoto wake amezaliwa, anatafuta jina, anataka kujua jina la Yusta lina maana gani. Sikudhani alisoma salamu hizo moja moja na hakujibu hata moja. Kamshinda, kamkausha, kamwagiwa ujazo wake wote kichwani, na bado kuna kitu Yusta anacho ambacho baraza halikukimimina. Hilo lilimchoma kuliko yote. Jioni alikuwa akimwona Yusta amekaa pembeni anasoma kibao kisichoandika, anatabasamu peke yake kwa maneno ya watu wa Bondeni, na alitamani kwenda kumpokonya hata lile tabasamu.

Rasimu ya Yusta aliifungua mara moja tu. Ilikuwa na maneno kama "godoro" na "kuku". Akaona aibu, akaifuta. Akaandika ya kwake, nzito, ya kisomi, akaifunika mpaka siku yake.

Siku yake ikaja na mvua. Ilinyesha milimani tangu alfajiri, na ilipokaribia saa sita mto ulikuwa umebadilika rangi. Bwana Kadiri akaamua kwamba kazi iwasilishwe hapohapo, kwa vitendo. Wakuu wakajaa kwenye ukumbi wenye madirisha mapana yanayotazama Bondeni. Stara alikaa kulia kwa Sikudhani. Yusta aliwekwa kiti cha nyuma karibu na mlango, mahali pa wakavu. Sikudhani akasimama, mstari wake unang'aa, akafunua ujumbe wake na kuutuma:

"Wananchi mnaarifiwa kuwa ujazo wa mto umefikia daraja la tatu la tahadhari. Mnahimizwa kuchukua hatua stahiki kwa wakati."

Majibu yakaanza kumiminika. Imepokelewa. Imepokelewa. Imepokelewa. Ukumbi ukapiga makofi. Bwana Kadiri alitikisa kichwa kwa kuridhika, Stara akamshika mkono, na huenda mambo yangeishia hapo kama madirisha yale yasingekuwa mapana kiasi kile.

Kule Bondeni hakuna aliyesogea. Nguo zilikuwa bado zimeanikwa chini ya mabaraza. Moshi wa mchana ulitoka majikoni. Watoto walikuwa wanapiga mpira kwenye matope, na nyuma yao mto umeshaanza kuramba ukuta wa soko.

Stara akamnong'oneza asiwe na wasiwasi, wamepokea. Sikudhani akatuma tena, akaongeza neno "mara moja" na neno "kikamilifu". Imepokelewa, walijibu, na mpira ukaendelea. Akatafuta kichwani maneno mengine, akakuta yote ni ya namna ileile. Ujazo ulikuwa umejaa mpaka juu na ndani hamna neno la kumtoa mtoto kwenye matope. Anayelijua amekaa karibu na mlango. Sikudhani aligeuka akamtazama, na Yusta alikuwa amesimama, mikono kaifumbata kifuani, midomo imebanwa, machozi yanamtoka, anatazama dirishani.

Haya, mwenzangu, wewe ungefanyaje? Mstari umefika juu, jina linasubiri kuandikwa, nchi nzima inakutazama. Na wa kumuuliza ni yule. Si mtu mwingine yeyote duniani, ni yule. Sikudhani alisikia kijicho kinampanda kooni, kinamwambia afadhali maji. Ndiyo, kilimwambia hivyo, afadhali maji yaende mlangoni kwa watu. Akaogopa. Alikuwa hajawahi kukisikia kikisema kwa sauti.

Akainama akaandika kwenye kibao, mbele ya wote: "Sijui niwaandikie nini. Yusta, wewe ungewaambiaje?"

Bwana Kadiri aliinua kidole, na mstari wa Sikudhani ukashuka wote, kutoka juu kabisa mpaka sifuri. Hapo ndipo vigelegele vilipopasuka, humu ndani na nje, chuo kizima, maana ujazo mkubwa kama huo ukitoka kwa mtu lazima utaingia kwa mwingine. Watu wakapigana vikumbo kuangalia vibao vyao. Stara naye aliangalia chake. Wakaangalia tena. Wakavifuta kwa pindo za nguo, wakaangaliana. Hakuna mstari uliopanda. Hata wa mtu mmoja. Bwana Kadiri alibaki amesimama, kidole kiko hewani, hajui akiweke wapi.

Yusta hakuwa na habari nao. Alishafika mezani, na kwa kuwa kibao chake hakiandiki, alitamka na Sikudhani akaandika: "Ni sisi, wageni wenu. Maji yako ukutani mwa soko. Kabla ya adhana ya alasiri yatakuwa mlangoni kwako. Chukua watoto, chukua godoro, kuku waache wataruka wenyewe. Pandeni kwa njia ya shule, ya mtoni imekatika. Tokeni sasa."

Majibu ya safari hii hayakuwa Imepokelewa. Mmoja aliuliza njia ya shule inapitika na machela? Mwingine aliuliza bibi yake hasikii, nani wa kumgongea? Mwingine aliuliza kama ni kweli au ni mazoezi. Maswali yalijaa kwenye kibao, maswali matupu, katika nchi ya Ukomo, na kila swali lilikuwa na mtu aliyeshafika mlangoni. Mpira ulibaki peke yake kwenye matope. Godoro la kwanza likaonekana linapanda kilima juu ya kichwa cha mtu, kisha mengi.

Maji yalichukua soko na nyumba za chini. Watu hayakuwapata. Kuhusu ujazo uliopotea, bunge lilikaa kikao cha dharura, na baada ya mjadala mrefu wa kisomi likaamua kwamba umetoroshwa kwenda nchi za nje. Kamati imeundwa. Bwana Kadiri ndiye mwenyekiti.

Jioni ile ukumbi ulijaa magodoro, na veranda pia. Wakavu wawili walikaa ngazini, maana hakuna aliyetaka kukaa nao isipokuwa mama mmoja wa Bondeni aliyewaletea chai akaondoka. Sikudhani aliomba msamaha, ukatoka vibaya. Akaongeza, kwa kuwa sasa hakuwa na mstari wa kulinda, kwamba hata leo, hata alipokuwa akiandika maneno yale na kuona watu wanatoka, roho ilimuuma kwamba si yeye aliyeyatunga. Kijicho hakijaisha. Angependa kusema kimeisha.

Yusta alikunywa chai yake. Hakusema kwamba amesamehe.

"Mwaka wa kwanza," akasema, "ulikuwa unaandika ujumbe unamaliza, mimi bado natafuta herufi. Nilikuwa naenda chooni kulia. Nilikuchukia wewe, Siku. Ukinifundisha ndiyo nakuchukia zaidi."

Sikudhani akamtazama.

"Wivu nilikuwa nao, tena mkubwa kuliko huu wako," alisema Yusta. "Ila mimi sikuwa na baraza la kuupeleka. Ndiyo nikaanza kuuliza."